Kabla Daktari Hajafika: Kuwaandaa Watunzaji wa Wazee kwa Dharura, kutoka Mwanzange hadi Tongoni

Dharura za wazee hazingoji saa za kazi. Huja alfajiri, mhudumu anapopita kuamsha watu kwa sala na kumkuta mmoja hageuki. Huja mezani, tonge linapokwama kooni mwa mzee asiye na meno. Huja saa nane za usiku, mzee anapojikokota gizani kwenda msalani na kuanguka kizingitini. Katika saa hizo daktari yuko kwake amelala, na muuguzi, ikiwa kituo kina muuguzi, huenda amekwisha kumaliza zamu. Anayemfikia mgonjwa kwanza ni mpishi, mlinzi, mfagizi, mhudumu wa usiku, au mzee mwenziwe wa kitanda cha pili. Swali ambalo makala haya yanaliweka mbele ya wasomaji, watoa huduma na wagonjwa kwa pamoja, ni hili: watu hao wamefundishwa nini, na wamefundishwa kwa njia gani?

Makazi ya wazee nchini Tanzania si mengi. Serikali inaendesha makazi ya wazee wasiojiweza katika mikoa kadhaa, miongoni mwayo Mwanzange hapa Tanga mjini, Nunge jijini Dar es Salaam, Njoro mkoani Kilimanjaro, Kolandoto mkoani Shinyanga na Bukumbi mkoani Mwanza. Yapo mengine yanayoendeshwa na mashirika ya dini, na upande wa Zanzibar kuna Sebleni na Welezo. Wanaopokelewa humo kwa kawaida ni wale wasio na ndugu wa kuwatunza. Tanga ina sababu yake ya kuwa na wazee wa namna hiyo: kwa miongo mingi mashamba ya mkonge yaliwavuta manamba kutoka pande za mbali, na wapo ambao hawakurudi makwao tena.

Walio wengi, hata hivyo, hawaishi katika makazi hayo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2.5 wenye umri wa miaka 60 na kuendelea, na makazi yote ya serikali yakiunganishwa hayawezi kubeba ila tone tu la idadi hiyo. Wengine wote wako majumbani, katika vijiji kama Tongoni. Kijiji hiki kiko chini ya kilomita 20 kusini mwa Tanga mjini, kando ya barabara iendayo Pangani, na wageni hukijua kwa gofu la msikiti wa kale na makaburi zaidi ya 40 yanayouzunguka. Wenyeji wa pwani hii wanajua pia jambo jingine: vijana hufuata riziki mjini, na nyumbani hubaki bibi, babu na wajukuu. Katika nyumba ya namna hiyo mhudumu wa zamu ni mjukuu wa miaka kumi na minne. Yanayosemwa hapa juu ya watumishi wa makazi yanamhusu na yeye.

Bahari ya Tongoni imehifadhi kisa kimoja ambacho walimu wa tiba wangefaa kukisimulia darasani. Mwezi Aprili 1498, São Rafael, moja ya merikebu za msafara wa Vasco da Gama, ilikwama kwenye mafungu karibu na hapa. Safari ile ilikuwa imekwisha kuonja kiseyeye, ugonjwa uletwao na ukosefu wa vitamini C. Merikebu ikiwa imekwama, watu wa pwani waliwaendea kwa mitumbwi miwili, na mmoja ulikuwa umesheheni machungwa. Msafara uliporejea kutoka Bara Hindi mwezi Januari 1499, kiseyeye kilikuwa kimeua mabaharia wengi hata waliosalia hawakutosha kuendesha merikebu tatu, na São Rafael ikateketezwa kwa moto papo hapo. Jaribio la James Lind lililoonyesha kwamba machungwa na malimau huponya kiseyeye lilikuja kufanyika mwaka 1747. Kwa hiyo tiba ilikuwapo, na aliyekuwa nayo alikuwa karibu, umbali wa makasia machache; kilichokosekana ni maarifa ya kujua kilichomo mkononi mwake.

Neno linalofunika maradhi

Kikwazo cha kwanza katika kuwafundisha watunzaji si uhaba wa vifaa. Ni neno moja, nalo ni uzee. Mzee amelala mchana kutwa, watu husema ni uzee. Amekataa chakula, ni uzee. Anazungumza na watu wasioonekana ilhali juzi alikuwa na akili timamu. Hapo wengine watasema uzee, na wengine watasema amepandisha. Lakini uzee huja kwa miezi na miaka. Badiliko lililotokea kwa saa chache au siku mbili tatu lihesabiwe kuwa ni ugonjwa mpaka ithibitike vingine, na kanuni hiyo pekee, ikishikwa na kila mtumishi, ingeokoa wengi kuliko mashine yoyote tuwezayo kununua.

Sababu yake ni kwamba maradhi ya wazee hayafuati dalili zilizoandikwa kwa ajili ya vijana. Mzee mwenye nimonia huenda asikohoe sana, wala joto la mwili lisipande. Mwenye maambukizi makali huenda dalili yake ya kwanza ikawa kuchanganyikiwa, au kuanguka tu bila sababu. Mshtuko wa moyo, hasa kwa mwenye kisukari, waweza kuja pasipo maumivu ya kifua, ukajionyesha kwa jasho jembamba, pumzi fupi na kuishiwa nguvu. Kipimo kimoja ambacho hata asiye muuguzi hukimudu ni kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, mzee akiwa ametulia. Mtu mzima hupumua kati ya mara 12 na 20. Mzee anayepita 25 anahitaji kuonwa, hata kama anatabasamu na kusema hajambo.

Hapa mila zetu zimetupatia chombo ambacho hatujakitumia ipasavyo. Kila asubuhi mtumishi apitaye vitandani husema shikamoo, na mzee huitikia marahaba. Itazame vizuri ada hiyo. Ili aitikie, mzee lazima asikie, atambue kwamba amesalimiwa na mtu mdogo kuliko yeye, avute pumzi ya kutosha, na ulimi na midomo vifanye kazi: midomo lazima ikutane kwenye herufi ya m, kisha ikutane tena kwenye b. Mzee ambaye upande mmoja wa uso umelegea usiku hataitamka marahaba yake ya jana. Aliyezama katika usingizi mzito usio wa kawaida hataitikia kabisa. Aliyechanganyikiwa huenda akarudisha shikamoo kwa mjukuu wake, na watu wakacheka, badala ya kushtuka.

Sisemi kwamba salamu ichukue nafasi ya kipimo cha shinikizo la damu. Ninasema kwamba mtumishi aliyefundishwa kuisikiliza, badala ya kuipokea kama ada iliyozoeleka, anapima fahamu za watu ishirini kabla ya chai ya asubuhi, na haimgharimu kitu. Sharti lake ni kumjua kila mtu kwa desturi yake: yuko ambaye masikio yalikwisha kuziba miaka kumi iliyopita, yuko mwingine ambaye siku zote huitika kwa kunung'unika. Linalotafutwa ni tofauti kati ya leo na jana. Kwa hiyo kuwe na daftari, na mtumishi anayeondoka ampe anayeingia habari ya kila kitanda kwa jina. Kukabidhiana ufunguo peke yake hakutoshi.

Sukari iliyoko jikoni

Katika dharura zote, inayosikitisha zaidi ni kushuka kwa sukari mwilini, kwa kuwa dawa yake iko kabatini karibu na majani ya chai. Mzee anameza glibenklamidi au anadungwa insulini. Asubuhi amekula nusu kikombe cha uji kwa sababu tumbo halikukaa sawa, lakini dawa amepewa kama kawaida. Figo zake hazifanyi kazi kama za zamani, hivyo dawa hukaa mwilini muda mrefu. Kufika adhuhuri ametota jasho, anatetemeka, amekuwa mkali kwa watu, au ananena maneno yasiyoeleweka. Wakati mwingine hulegea upande mmoja kama aliyepatwa na kiharusi. Ndiyo maana kila mzee aliyebadilika fahamu hupimwa sukari kwanza, palipo na kipimo, na chini ya milimoli 4 kwa lita ni hatari isiyongoja.

Akiwa macho na anaweza kumeza, akalishwe wima na kupewa vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari vilivyokorogwa katika nusu glasi ya maji. Baada ya dakika 15 apimwe au aangaliwe tena. Kama bado, arudiwe. Akipata nafuu ale chakula kamili. Asiye na fahamu hanyweshwi kitu, hata tone, kwa maana kitakachoingia kitashuka mapafuni. Hulazwa ubavu na kukimbizwa hospitali. Na aliyemeza glibenklamidi asihesabiwe kuwa amepona kwa sababu tu amefumbua macho: sukari huweza kushuka tena baada ya saa kadhaa, na ni lazima aonwe na mtaalamu.

Katika jambo hili mpishi ana nafasi ambayo hapewi. Yeye ndiye anayejua ni sahani ya nani iliyorudi jikoni nzima nzima. Habari hiyo ikimfikia mgawa dawa kabla ya dawa kutolewa, dharura haitokei. Ikimfikia baadaye, huwa ni ushahidi tu. Na kwa watu wa Tanga kuna mwezi wa kuangaliwa kwa namna ya pekee. Wazee wengi wenye kisukari hawako tayari kuacha kufunga Ramadhani, na kuwagombeza hakusaidii. Mazungumzo juu ya nani afunge, nani asifunge, na saa za dawa zibadilishwe vipi yafanyike katika Shaabani, daktari akiwapo, na ikibidi imamu awepo pia. Anayesubiri hadi mfungo wa tatu amechelewa.

Tonge lililokwama halihitaji maelezo marefu, linahitaji mazoezi. Anayekohoa aachwe akohoe na kuhimizwa. Asiyeweza kukohoa, kusema wala kuvuta pumzi ainamishwe mbele na kupigwa kwa kitako cha kiganja kati ya mabega mara tano, kisha, ikiwa kitu hakijatoka, abanwe tumbo juu ya kitovu kwa mikono miwili kutoka nyuma mara tano, na kubadilishana hivyo hivyo. Mbavu za mzee ni dhaifu na zaweza kuvunjika. Ubavu hupona, aliyekosa hewa kwa dakika chache haponi.

Kiharusi, jini na saa inayopita

Utafiti uliofanywa Hai na Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006 uliwashangaza waliodhani kiharusi ni ugonjwa wa nchi tajiri. Baada ya kurekebisha hesabu kwa umri, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya wapatao 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000, na Dar es Salaam 316, kiwango kilicho juu kwa kipimo chochote cha dunia. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu sehemu hizo hizo mbili, uliuliza watu wanakielezaje kiharusi. Hai wengi walitaja sababu za kimaumbile. Dar es Salaam waliotaja mashetani na uchawi walikuwa wengi. Atakayeuliza swali hilo kando ya pwani yetu asishangae kujibiwa kwamba mtu kapigwa na upepo mbaya.

Mkufunzi anayeanza somo kwa kudhihaki jibu hilo amepoteza darasa lake. Bibi wa Tongoni akilegea mkono na mdomo kwenda upande, mashauriano huanza, na wenye sauti katika mashauriano hayo si watu wajinga. Ni watu wanaompenda na wanaotafuta sababu. Linaloweza kupatikana ni makubaliano ya mpangilio: aende hospitali kwanza, na kisomo kisomwe njiani au kando ya kitanda. Nimeona mpangilio huo ukikubaliwa kwa urahisi kuliko watu wa tiba wanavyodhani. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo iko Tanga mjini, na kutoka Tongoni kwa gari si mwendo wa kutisha. Kinachokula saa ni kikao cha ukumbini.

Saa hizo zina thamani. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ubongoni hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na ni hospitali chache nchini ziwezazo kuitoa. Lakini hata isipokuwapo, mtunzaji ana kazi ya kufanya, na sehemu kubwa yake ni kujizuia. Asimpe mgonjwa maji, chakula wala kidonge chochote, hata kile cha shinikizo la damu alichokizoea, mpaka hospitali ipime kama anameza salama. Wengi wanaookoka na kiharusi chenyewe huja kuuawa na nimonia ya kile walichopaliwa nacho. Asimtoboe vidole kumtoa damu. Na aandike saa ya mwisho ambapo mgonjwa alionekana mzima. Saa alipokutwa ni jambo jingine: aliyelala saa tatu usiku akiwa mzima na kukutwa alfajiri amelegea, kwa hesabu ya daktari, aliugua tangu saa tatu.

Juu ya kuanguka nitasema moja tu. Huruma hutusukuma kumnyanyua mzee kwa makwapa mara moja. Aachwe alipo kwanza, aulizwe, atazamwe. Mguu uliofupika na wayo kuelekea nje ni dalili ya kuvunjika nyonga. Na aliyegonga kichwa aendelee kuangaliwa kwa wiki kadhaa, maana damu huweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu na kuonekana baadaye kama usahaulifu, ambao sote tutauita uzee.

Funzo kutoka Haydom

Elimu ya tiba ya dharura si ngeni nchini. Mwaka 2010 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara yake ya tiba ya dharura, na mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilianza kufundisha madaktari bingwa wa fani hiyo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu walitoa mafunzo ya huduma ya msingi ya dharura, yaliyokuwa yamejaribiwa kwanza Tanzania, Uganda na Zambia. Mafunzo hayo humwongoza mtoa huduma kwa mfuatano usiobadilika: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, kisha kumfunua mgonjwa na kumtazama mwili mzima. Ni mafunzo ya wahudumu wa afya, lakini mfuatano wenyewe mpishi anaweza kuuelewa alasiri moja.

Kuelewa ni jambo moja, na hapa Haydom wana la kutufundisha. Katika hospitali hiyo ya Kilutheri iliyoko wilayani Mbulu, wakunga walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Walipojaribiwa kwa mwanasesere baada ya miezi kadhaa, ujuzi wao ulikuwa umeongezeka waziwazi. Watafiti walipotazama yaliyokuwa yakifanyika katika chumba halisi cha kujifungulia, hali haikuwa imebadilika. Ndipo utaratibu ukageuzwa: mazoezi mafupi, ya mara kwa mara, papo hapo kazini, mwanasesere akiwa karibu na kitanda. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015, vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai.

Tofauti haikuletwa na vifaa vya thamani wala wataalamu kutoka ng'ambo. Mikono ile ile ilirudia jambo lile lile pale pale litakapotokea. Kwa maoni yangu hakuna sababu ya maarifa haya kuishia mlangoni mwa wodi ya wazazi. Kinachomfaa anayeingia duniani kinaweza kumfaa anayekaribia kutoka, nasi tumeyapata hapa hapa nchini.

Kwa makazi ya wazee maana yake ni dakika kumi kila wiki badala ya semina moja kila mwaka. Msimamizi anatangaza: babu kaanguka msalani, mlango umefungwa kwa ndani, umeme umekatika. Kisha anashika saa na kunyamaza. Tochi iko wapi, na je, ina betri? Nani anakaa na mgonjwa, nani anapiga simu, nani anafungua lango? Godoro lililokunjwa hutosha kufanyia mazoezi ya kubana kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na mtu atagundua mwenyewe kwamba dakika mbili humchosha, hivyo wawili wapokezane. Zoezi likiisha watu wazungumze lililokwama bila kumnyooshea mtu kidole, kwa maana anayeaibishwa leo hatajitokeza kesho.

Na tuseme wazi jambo ambalo wengi tunalijua. Semina zetu hufanyika saa nne asubuhi, penye chai na posho, na majina yanayopelekwa ni ya watu wa ofisini. Anayehitaji somo hilo kuliko wote, saa hiyo amelala kwake, kwa kuwa alikesha akilinda. Zoezi lisilofanyika hata mara moja usiku, pamoja na mlinzi, halijawa zoezi la kituo.

Heshima na mwili wa mzee

Mafunzo yaliyotungwa kwingine hupita haraka mahali ambapo kwetu ndipo penye ugumu. Kijana wa miaka ishirini na mbili ameambiwa amtikise babu mabegani na kumwita kwa sauti kubwa. Amelelewa asimpandishie mkubwa sauti. Ameambiwa atazame kinywani, atoe meno ya bandia, amfunue bibi kifua. Mkono wake unasita, na kusita huko hakutokani na woga wala uzembe. Ni malezi mema yaliyokutana na saa isiyo yake.

Kwa hiyo heshima nayo ifanyiwe mazoezi. Mtumishi azoezwe kusema huku akitenda: “Shikamoo bibi, niwie radhi, nakugusa shingo nione pumzi.” Bibi asiye na fahamu hawezi kutoa ruhusa, lakini mwenye kusema hivyo huipata ndani ya nafsi yake, na mikono humlegea. Khanga safi iwekwe pamoja na vifaa vya dharura, itumike kumsitiri mgonjwa sehemu zote ambazo hazitazamwi kwa wakati huo. Palipo na watumishi wa jinsia zote mbili, zamu zipangwe hivyo. Na wazee wenyewe waambiwe mapema, katika kikao chao, kwamba siku ya dharura watoto hawa watawagusa na kuwapazia sauti. Wakiisha kuambiwa, baraka yao hutoka kwa urahisi, na kijana aliyepewa baraka mbele ya wenzake hatasita tena.

Simu, lango na karatasi

Mwaka 2022 mpango wa m-mama ulizinduliwa kitaifa: mama mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga akipatwa na dharura, hupigwa namba 115 bila malipo, na usafiri hutafutwa, ikiwemo magari ya watu binafsi waliosajiliwa pale ambapo gari la wagonjwa halipatikani. Ni mpango wa kujivunia. Mzee hakutajwa ndani yake. Busara iliyomo inaweza kuigwa na kituo kimoja au kitongoji kimoja bila kungoja waraka: kuwajua mapema wenye gari watatu walio tayari kuamshwa usiku, kuelewana nao bei na malipo mchana, na kuziandika namba zao ukutani kwa maandishi makubwa yanayosomeka kwa mwanga wa tochi. Simu ya kituo iwe na salio. Bodaboda humfaa anayeweza kukaa na kushika. Aliyepoteza fahamu au aliyevunjika nyonga hapakiwi katikati ya watu wawili.

Pamoja na mgonjwa isafiri karatasi moja: jina, umri, maradhi aliyonayo, dawa na saa aliyozimeza mara ya mwisho, yaliyotokea na saa yake, na nani wa kupigiwa. Kitambulisho chake cha matibabu kwa wazee kikae na karatasi hiyo siku zote, wala kisifungiwe ofisini kwa mtu aliyekwenda likizo. Mzee wa makazi hufika mapokezi bila mwana wala mke wa kumsemea, na karatasi ndiyo itakayokuwa kauli yake. Katika nyumba ya Tongoni mjukuu anaweza kuiandika jioni moja kwenye daftari lake la shule, akisomewa na bibi mwenyewe.

Liko swali la mwisho, ambalo makazi mengi huliahirisha. Si kila moyo unaosimama unastahili kubanwa. Kwa mzee dhaifu mwenye maradhi mengi yaliyokomaa, nafasi ya kurejea kwa kubanwa kifua ni ndogo mno, na wapo wazee wanaosema wenyewe, wakiulizwa kwa upole, kwamba siku hiyo wanataka kuachwa kitandani pao, wasomewe Yasin au waombewe na padri wao, mtu awashike mkono. Wapo pia wasemao kinyume, kwamba wanataka kupelekwa hospitali na kujaribiwa kila kitu, na hao nao wana haki yao. Daktari au muuguzi aulize mchana, mzee akiwa na akili timamu, ndugu akiwapo ikiwa yuko, na swali lirudiwe hali inapobadilika. Kuachwa kitandani hakumaanishi kuachwa na maumivu au kiu: midomo iloweshwe, dawa ya maumivu itolewe, na mtu akae naye. Jibu liandikwe katika jalada lake, daktari atie saini, na mlinzi wa usiku aonyeshwe jalada liko kwenye rafu ipi.